Saa Moja Mikokoni

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, tegeni sikio. Leo tunamkumbuka Mwanamina binti Hashimu, mlimaji wa mpunga wa Salale, aliyefariki mwezi uliopita mjini Kibiti. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Hamsini na minne tu.

Mwaka juzi mumewe alizama na mtumbwi. Tangu siku ile usingizi ukamhama Mwanamina. Moyo ulimwenda mbio, mikono ikamtetemeka hata kupepeta mchele akashindwa. Pale zahanati nesi Tatu akampima: presha iko juu. Akampa dawa, kisha akamwambia, "Mama, tafuta pahali panapokutuliza, ukae kila siku."

Akapapata. Mchana, maji yakishakupwa, aliingia kwenye mikoko nyuma ya kijiji, akakalia mzizi, akanyamaza. Aliwatazama kaa wakichungulia matunduni. Alisikia tope likitoa mapovu. Muda wa saa moja hivi, kisha huyo anarudi kupika. Mwezi wa tatu wa kukaa mikokoni, alilala mpaka alfajiri. Nesi Tatu alipompima alicheka kwa furaha. Presha imeshuka.

Lakini watu wana midomo. Amepagawa yule. Anaongea na mashetani. Maneno yakafika Kibiti kwa mdogo wake, Abdulazizi, mwenye duka, ambaye siku hizo alikuwa anajiandaa kumwoza binti yake.

Akaja na boti ya kukodi. "Dada, jiandae, nakupeleka hospitali."

Mwanamina akavaa baibui, akachukua na kadi yake ya zahanati. Hospitali hawakwenda. Abdulazizi alimtia stoo, nyuma ya duka, akafunga kufuli kwa nje. Stoo haina dirisha. Miezi saba, wasikilizaji. Miezi saba ndani ya stoo.

Warda, mtoto pekee wa marehemu, alikuja kumwona mwezi wa tatu wa kufungiwa. Mlango haukufunguliwa. Mama akasema naye kupitia upenyo: "Mwanangu, mwambie mjomba'ko anitoe nikakae penye majani kidogo. Nitarudi mwenyewe, wallahi."

Mjomba akamjibu Warda, "Ukimtoa, harusi ya mwenzio imevunjika. Na mimi usinijue tena."

"Niliondoka," Warda anasema. "Namsikia ananiita, nami naondoka."

Siku ya harusi Mwanamina alipiga mlango. Alipiga mpaka wageni wakaanza kuulizana. Abdulazizi akamwendea mpiga muziki: "Ongeza sauti."

Harusi ikapita. Bwana harusi akamchukua mkewe. Kufuli halikufunguliwa. Tulimuuliza Abdulazizi kwa nini. Akasema, "Tulikuwa tumeshazoea."

Asubuhi moja sahani ya jana ilikutwa haijaguswa. Kiharusi. Wanawake waliomwosha waliona kucha zake zimekatika. Warda aliomba mama yake akazikwe Salale. Mjomba akasema boti ni usumbufu. Akazikwa Kibiti, siku hiyo hiyo.

Warda, pole sana. Nesi Tatu, pole. Abdulazizi, na wewe pole, maana ulikubali kuyasema haya kwa kinywa chako. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu.

Wasikilizaji wapendwa, Mwanamina hakuwa na wazimu. Alikuwa na huzuni, na alikuwa anapona. Kama nyumbani kwenu yuko mtu mmemfungia, msingoje kipindi kiishe. Nendeni mkamfungulie.