Fainali ya Naipanoi

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Naipanoi Loishiye wa Moshono, mchezaji wa mpira wa wavu, aliyetutoka Jumanne akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Naipanoi aliajiriwa mwaka 1983 katika kiwanda cha mablanketi hapa Arusha. Enzi zile viwanda vilikuwa na timu. King'ora cha jioni kikilia, wanawake walivua makoti ya kazi wakakimbilia uwanjani nyuma ya ghala. Kazi ya Naipanoi ilikuwa kumnyanyulia mpigaji mpira juu ya wavu. Na mpigaji wake alikuwa mmoja tu, rafiki yake Paskalina.

"Hawakuitana," anasema mume wa Naipanoi, Bwana Koikai. "Naipanoi alinyanyua bila kutazama. Alijua Paskalina ameshafika."

Mwaka 1993 waliingia fainali ya kanda, wacheze na timu ya kiwanda kimoja cha Moshi. Zikiwa zimebaki siku nne, kiwanda chao kikauzwa. Basi la timu likaenda na mnunuzi. Naipanoi na Paskalina wakapunguzwa kazini. Fainali haikuchezwa. Narudia, wasikilizaji: fainali haikuchezwa.

Paskalina akaenda Geita kutafuta maisha. Zikaja barua mbili, kisha kimya. Naipanoi akaanza kuuza mitumba soko la Levolosi. Binti yake, Nalepo, anakumbuka: "Mama anakunja mashati, mara mikono inasimama. Namuuliza, vipi mama? Anasema, 'Tungeshinda ile, mwanangu.'"

Mwaka 1997 akapanda gari hadi Moshi, akamtafuta nahodha wa wapinzani wao, Sia. Akamkuta anauza maziwa.

"Sia, dada yangu, fainali yetu bado."

Sia akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Na magoti haya?"

"Na hayo hayo."

Walicheza Jumapili baada ya ibada, uwanja wa kanisa Moshono. Wanawake wa makamo, wengine na kanga viunoni. Naipanoi alikuwa amemwandikia Paskalina barua tatu. Paskalina hakutokea. Naipanoi akakataa mtu mwingine asimame mahali pake. Wakacheza watano badala ya sita.

Seti ya mwisho, Moshi wakiongoza kumi na tano kwa kumi na nne, mpira ukamfikia Naipanoi. Akaunyanyua kushoto, bila kutazama. Ukapanda vizuri, ukashuka, ukaanguka chini. Hapakuwa na mtu. Moshi wakashinda.

Nalepo anasema: "Mama akatazama pale chini, akasema, 'Angeufikia.'"

Paskalina, kama unatusikia: mazishi ni Jumamosi saa nane mchana, nyumbani Moshono. Bwana Koikai amesema hawatafukia kaburi kabla ya saa kumi. "Mabasi ya mbali huchelewa," ameniambia. "Tutasubiri."

Bwana Koikai, Nalepo, na ukoo wote wa mzee Loishiye, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki, tujiulize ni nani anayetutazamia. Kama kuna barua ya mtu imekaa kwako bila majibu, mpenzi msikilizaji, itafute leo.