Idara Mbili, Homa Moja

Basi letu la kwenda Kajiado lilikuwa limepita Isinya nilipomsikia msichana wa kiti cha mbele akimjibu jirani yake, mzee aliyejitambulisha kama mwalimu Odero.

"Wamenirudishia tasnifu tena, mwalimu," alisema. Aliitwa Halimo, na utafiti wake wa shahada ya uzamivu ulihusu homa inayotoka kwa mbuzi ikaingia kwa watu kupitia maziwa mabichi. "Idara ya mifugo inasema nimejaza maneno ya akina mama. Idara ya jamii inasema nimejaza damu ya mbuzi. Na ni hao hao waliotuambia masomo yakiunganishwa ndio yatasaidia watu."

Odero alipangusa miwani. "Toa akina mama, umalize. Utaunganisha ukishakuwa daktari."

"Nikiwatoa, nani ataeleza kwa nini maziwa hayachemshwi?"

"Na usipomaliza, nani atakusikiza?"

Halimo akaegemeza kichwa dirishani. Mimi nilisomea uhasibu peke yake, na bado nangoja uhasibu huo unisaidie.

Basi liliposimama Kajiado, mama mmoja Mmaasai kati ya wale wa utafiti alikuwa akimngoja Halimo pale chini, amebeba mtoto mgongoni.

"Sopa, Halimo," alimsalimu kwa Kimaasai. " Wamesema nini huko chuoni?"

"Ipa," Halimo aliitikia. Aliweka mkono kwenye paji la uso la mtoto, lililokuwa la moto, akauacha hapo, huku kondakta akimwambia asogee wengine washuke.