Fulana Sita kwa Watu Kumi: Risala ya Wake wa Askari kwa Waziri wa Ulinzi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi. Mkuu wa Kambi. Maofisa na askari. Wazazi wenzetu na watoto mliokaa juani tangu asubuhi:

Anayesoma ni mimi, fundi cherehani wa Jengo la Tatu, mke wa sajenti wa karakana. Lakini maneno ni ya wanawake mia moja na kumi na wawili tunaoishi kwenye nyumba za familia za kambi hii.

Makaribisho

Karibu, Mheshimiwa. Tumekungoja kwa hamu kuliko mgeni yeyote aliyewahi kufika hapa. Risala hii ilirudishwa na ofisi mara mbili ili turekebishe. Mara ya kwanza tuliambiwa tuondoe neno "hasira". Tukaliondoa. Mara ya pili tukaambiwa tumwondoe marehemu tunayemtaja humu. Hapo tulikataa, na tulipokataa tukaona heri turudishe na hasira mahali pake. Unayoisikia ni risala yetu kama tulivyoiandika mara ya kwanza.

Historia yetu

Kikundi chetu kilianza miaka saba iliyopita kwenye chumba cha kufulia nguo, kwa cherehani tatu. Tulikusudia kusaidiana kwenye harusi, misiba na uzazi. Kushona nguo za jeshi hakukuwa kwenye mipango yetu. Kazi hiyo ilitufuata yenyewe. Mume mmoja alirudi likizo buti zake zimeachama mbele kama mamba, na zilikuwa na wiki tano tu tangu azipewe. Mkewe akaniletea. Nikazishona kwa uzi wa nailoni. Wiki iliyofuata mlangoni pangu palikuwa na jozi kumi na tisa.

Mafanikio

Mwaka jana tulitia viraka mahema kumi na manne. Tulishona soksi, mikanda na mifuko ya maji. Tulichana mashuka, tukayachemsha, tukayapiga pasi na kuyakunja yawe bendeji, kwa sababu sanduku la huduma ya kwanza lililopelekwa kituo cha mlimani lilikuwa na mkasi, kitabu cha maelekezo na hewa. Mmoja wetu alisema, "Wenzangu, shuka langu la harusi limeajiriwa jeshini kabla ya mdogo wangu." Tulicheka mpaka machozi. Siku hizo tulikuwa bado tunacheka.

Tunaona haya kuyaita mafanikio, Mheshimiwa. Kila tulichoshona kilikuwa kazi ya wizara yako.

Changamoto

Ofisi ilitushauri tutumie neno hili. Sisi tunazungumzia kifo cha mtu.

Alikuwa koplo, jirani yetu wa Jengo la Tatu, na kambi nzima ilimwita Taratibu. Hakuna aliyepata kumwona akikurupuka. Alikuwa akifunga mlango, anafika ngazini, anarudi kuhakikisha. Siku ya ndoa yake alichelewa kwa sababu aligeuka njiani kwenda kuangalia kama amezima jiko. Mkewe alikuwa akimwambia, "Wewe hata ukifika peponi utakagua mlango kwanza." Gari alilokabidhiwa halikuwahi kulala bila kukaguliwa matairi yote manne na la akiba.

Miezi minne iliyopita alipelekwa kituo cha mlimani. Walikuwa askari kumi. Fulana za kuzuia risasi zilikuwa sita. Wakajipangia wenyewe: anayepanda lindo anavaa, anayeshuka anavua na kumkabidhi mwenzake. Utaratibu huo Mkuu wa Kituo aliuandika kwenye barua na kuileta makao makuu, akiomba fulana nne zaidi. Aliandika mara tatu.

Asubuhi ile, saa tatu, Taratibu alishuka lindo. Alivua fulana, akamvalisha askari aliyekuwa anapanda. Askari huyo yupo hai, na alikuja mwenyewe kwa mjane kumsimulia, sisi wengine tukiwa tumekaa pale. Alisema, "Alinifunga mikanda yeye mwenyewe, shemeji. Akaniambia, 'Huu wa kushoto umelegea, usiuamini, ukaze tena ukifika juu.' Nilikuwa sijafika hata kwenye kona nikasikia milio."

Kituo kilishambuliwa. Taratibu alipigwa risasi ya kifuani hatua chache kutoka jikoni, akiwa na shati. Wenzake walimfunga jeraha kwa zile bendeji za mashuka. Gari la wagonjwa lilisukumwa likagoma. Wakambeba kwa machela mpaka barabarani, mwendo wa saa mbili. Alifariki kabla ya kufika.

Tulimzika kwa heshima, tukalia, tukasema ndiyo kazi waliyoichagua waume zetu. Hatukusimama mbele yako kulalamikia hilo. Kilichotusimamisha ni hasira ya yaliyofuata.

Majibu yako bungeni

Wiki tatu baada ya maziko, mbunge mmoja alikuuliza kuhusu vifaa na hali ya askari. Tulikuwa kwenye chumba cha kushonea, redio imewashwa, mjane anapiga pasi. Ulijibu hivi, tumenukuu neno kwa neno: "Mheshimiwa Spika, vifaa vipo vya kutosha. Tatizo ni nidhamu ya askari mmojammoja. Huyu marehemu, kwa uzembe wake, hakuwa amevaa fulana yake."

Tukasikia wabunge wakipiga meza.

Mjane alibaki amesimama, pasi mkononi, mpaka kitambaa kikaanza kutoa moshi. Nikamnyang'anya. Akaniuliza, sauti ya chini kabisa, "Fulana yake? Ipi?"

Mheshimiwa, ulipewa nafasi ya kusema lolote juu ya mtu yule, ukachagua uzembe. Uzembe! Mtu aliyekufa dakika chache baada ya kumkazia mwenzake mikanda!

Na neno lako halikuishia redioni. Liliingia kwenye faili. Kwa kuwa faili linasema uzembe, mjane amepewa barua ya kuhama nyumba ndani ya siku thelathini. Binti yake wa darasa la tano aliambiwa na wenzake kwamba baba yake alijiua kwa ujinga. Tangu siku hiyo hataki shule. Tuliandika barua kwa wizara yako, tukajibiwa kwamba suala limefungwa.

Leo umeoneshwa fulana mpya arobaini mezani pale langoni, ukazishika, ukapigwa picha. Zimeletwa juzi kutoka kambi nyingine. Dereva aliyezileta aliwaambia waliokuwa wanashusha, "Msichane hizo plastiki zilizofungiwa, jamani, nimeambiwa nizirudishe kesho kama zilivyo." Usituamini sisi. Njoo kesho.

Maombi

Tunaomba urudi bungeni, usimame palepale uliposimama, useme kwamba koplo yule hakuwa mzembe. Si kwa barua, wala kwa msaidizi. Aliyesikia lile asikie na hili.

Tunaomba faili lisahihishwe na mjane abaki kwenye nyumba hadi watoto wamalize shule. Tunaomba kila askari anayepanda mlima ule apande na fulana yake mwenyewe, na gari linalowaka. Wapo watu kumi kule sasa hivi, Mheshimiwa. Mmoja ni mume wa huyu mama aliyebeba mtoto mgongoni. Fulana bado ni sita.

Tena tunaomba, na hili tunalisema mbele ya maofisa wote ili lisikike: yule askari aliyekuja kumsimulia mjane asitafutwe, asihamishwe, asiitwe ofisini. Alifanya uungwana ambao wakubwa wake walishindwa.

Hitimisho

Tulimwomba mjane asome risala hii yeye. Akakataa. Alisema, "Nikisoma mimi atanipa mkono, atasema pole, itapigwa picha, ataondoka. Soma wewe. Mimi nataka nimwangalie usoni akijibu." Amekaa safu ya kwanza, Mheshimiwa, kiti cha tatu kutoka kulia kwako. Sasa unamwona.

Mwenyezi Mungu awalinde walioko mlimani, amrehemu koplo wetu, na wewe akupe moyo wa kutamka jambo gumu mbele za watu.

Ratiba inasema baada ya risala tuimbe. Hatutaimba, na tumekubaliana tusipige makofi. Kipaza sauti ni hiki hapa. Tunakusikiliza.

Ni sisi,
Kikundi cha Wake wa Askari, Nyumba za Familia, Jengo la Kwanza hadi la Sita.