Kibandiko cha Ruthu

Kijiwe chetu cha Mkonze kinatazamana na pale akina mama wanapoponda kokoto. Jana mchana, jua likiwa kali la kupasua kichwa, Ruthu alianguka na nyundo yake. Mkononi alikuwa na kibandiko cha plastiki, kile walichobandikwa akina mama wote na watafiti wa chuo ili kupima jasho na joto la mwili. Tulimpakia kwenye bajaji hana fahamu. Leo asubuhi Elieza, muuza kahawa wetu, alimimina kama kawaida, lakini hakuna aliyegusa kashata. Tulikuwa na hasira.

SPIKA: Mimi nilisema! (Tunamwita Spika kwa kuwa hampi mtu nafasi ya kuongea.) Kitu chembamba vile, betri haionekani, kinakula nini? Kinamla mtu!

FUNDI WAYA: Mimi ni fundi redio, nakwambia. Mle ndani mna nyaya nyembamba kuliko unywele. Zinavuta umeme wa mwili. Ruthu kaishiwa chaji.

SPIKA: Chaji gani! Wanakamua jasho wanapeleka Ulaya. Huko hakuna jua, watu hawatoki jasho. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Jasho liko pale katikati!

FUNDI WAYA: Methali hiyo ya undugu, bwana.

SPIKA: Kwani Ruthu si ndugu yetu?

Mazengo, kaka yake Ruthu, alitua kikombe kwa kishindo, kahawa ikamrukia Fundi.

MAZENGO: Dada yangu yuko kwenye dripu, nyie mnaleta porojo! Yule binti wa chuo akikanyaga hapa leo, atanitambua.

Akakanyaga kweli. Edina alishuka kwenye bodaboda, macho mekundu kama hajalala.

EDINA: Shikamooni.

Hakuna aliyeitikia marahaba.

MAZENGO: Mmemfanya nini dada yangu?

EDINA: Kibandiko hakikumdhuru, kaka. Kina vijifereji vyembamba, jasho linapita humo polepole bila kuvurugika, kinapima chumvi. Jua ndilo lililomwangusha. Kifaa kiliona tangu jana asubuhi kwamba mwili wake unakaukiwa maji.

SPIKA: Kiliona?

EDINA: Taarifa ilifika kwenye kompyuta yetu.

MAZENGO: Mkafanya nini?

EDINA: Huwa... huwa tunazisoma jioni.

Mazengo aliinuka. Mimi na Fundi tukamdaka kiunoni, tukang'ang'ana naye hadi benchi likapinduka. Hapo ndipo Zaitun alipofika. Anaponda kokoto pamoja na Ruthu, na alilala naye hospitali. Mazengo akaacha kupigana.

ZAITUN: Kafumbua macho. Anaongea kidogo. Ila figo zimeumia, daktari kasema nyundo basi.

Mazengo alikaa chini, mavumbini, akajifunika uso. Zaitun akamgeukia Edina. Hakupaza sauti.

ZAITUN: Mwanangu, kama kilijua, mbona hakikumwambia aliyekivaa?

EDINA: Tulitaka tuone mwili unavyo...

Tukamtazama Spika, naye alikuwa anatazama chini.

Zaitun alibandua kibandiko chake, ngozi ikivutika, akamwekea Edina kiganjani. Akavuka barabara, akasema na wenzake maneno ambayo hatukuyasikia. Nyundo zikanyamaza. Kisha mmoja baada ya mwingine, akina mama wakaanza kukunja mikono ya nguo zao na kubandua.