Ndege ya Daraja la Tano

Kijiwe cha Othmani kilikuwa nyuma ya ghala la stesheni ya Mpanda, upande ambao moshi wa treni haukuelekea. Palikuwa na magogo mawili ya mninga, jiko la mkaa, birika na vikombe visivyo na mikono. Othmani alitoka Karema, ziwani, akaifuata reli ilipofika, akabaki kuuza kahawa. Asubuhi hiyo mazungumzo yalikuwa ya ndege. Wiki iliyopita ndege ya jeshi, iliyokuwa ikipiga picha za pori ili ramani ichorwe, ilizimika injini ng'ambo ya kijiji cha Shanwe, ikakata vilele vya miti na kutua kwa tumbo mbugani. Wanajeshi waliokuwemo walitoka kwa miguu yao. Maofisa wawili walikuja kuichunguza. Sasa walikuwa resthausi, nyumba ya wageni wa serikali, wakimalizia ripoti, na jioni wangepanda treni ya Tabora.

— Nyie mnasema injini, alisema Gaspar. Mimi nasema madini.

Gaspar aliendesha winchi mgodini. Walimwita Winchi, naye alikuwa na desturi ya kurudisha kila jambo duniani mgodini.

— Madini yamefanya nini?

— Yameivuta. Chini ya ile mbuga kuna madini mazito kuliko haya tunayochimba. Ndege ni chuma. Chuma kikipita juu ya kizito mwenzake, kinaitwa. Ndiyo maana wahenga wakasema, damu nzito kuliko maji.

— Hapo damu imeingiaje, Winchi?

— Imeingia tu.

Aliyeuliza alikuwa Ubaldo. Alipigana Bama, huko Asia, wakati wa vita, akarudi na koti la jeshi na jina la Bama. Hakuna aliyewahi kumwona bila koti hilo, hata jua likiwa la utosi.

— Nisikilizeni mimi niliyeziona ndege zikianguka kama maembe, alisema Bama. Ndege ya jeshi haianguki bure. Pale juu walipiga picha ya kitu wasichotakiwa kukiona. Wakaambiwa kwa redio, shukeni hapohapo msifike nayo nyumbani.

— Waambiwe na nani?

— Ukubwa.

— Ukubwa gani?

— Winchi, ukubwa ukiwa na jina si ukubwa tena.

Othmani alicheka akaongeza mkaa.

— Kwetu ziwani, alisema, upepo wa jioni unapindua mtumbwi na wavuvi wake. Upepo ule ukichoka na maji, unapanda juu kutafuta kingine cha kupindua. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Na wewe sasa!

Thadei alikaa mwisho wa gogo la pili bila kucheka. Alikuwa mrina asali. Walimwita Kimya, kwa kuwa msimu wa asali ukiisha hurudi mjini akiwa ameshasahau kuongea. Kikombe chake kilikuwa kimepoa mkononi.

Krispini alitokea upande wa resthausi, suruali fupi imepigwa pasi, kofia mkononi. Alikuwa mkalimani wa boma. Kijiweni walimwita Mdomo, na jina hilo hakulipenda.

— Mdomo huyo! Kaa, ndugu yangu. Wameandika nini?

— Mambo ya serikali hayasemwi kijiweni.

— Othmani, mpe kahawa, yasemeke.

Krispini alikaa. Alikunywa nusu kikombe kabla ya kuanza.

— Kwanza jueni hivi. Ajali ya ndege haiandikwi tu kwamba imeanguka. Inapangwa kwa daraja. La kwanza, ndege imekwaruzika, fundi wake anaipaka mafuta inaruka. Inapanda hivyo, la pili, la tatu, inahitaji mafundi wakubwa zaidi. La nne inafunguliwa vipandevipande, ipelekwe karakana. La tano, haifai. Inafutwa jina.

— Na yetu?

— La tano.

Bama alipiga goti kwa furaha, kana kwamba ndege ya Mpanda imeshinda ya Tabora.

— Nilisema! La tano!

— Na chanzo? aliuliza Gaspar. Kuna mahali pa madini?

— Kwenye fomu kuna mahali pa rubani, pa fundi, pa hali ya hewa. Kisha kuna mahali pa kuandika kwamba hakijulikani.

— Wameandika kipi?

— Wanabishana. Mmoja anamtaka fundi, mwingine anamtaka rubani.

— Rubani! alisema Gaspar. Lazima aliambiwa asishuke chini vile akashuka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Maneno yalikuwa yameshatoka alipomwona Thadei akiweka kikombe chini. Guu la rubani lilikuwa zima. Lililovunjika lilikuwa la Ponsian, mrina asali mwenzake Thadei, aliyekuwa juu ya mti akitoa asali mzingani wakati bawa lilipokata kilele. Alikuwa amelazwa zahanati tangu siku ile, na kila mtu pale kijiweni alikuwa amekwenda kumwona.

— Sikuwa na maana hiyo, Thadei.

— Najua.

— Na watu je? aliuliza Othmani. Watu nao wana daraja?

— Watu wanaandikwa pembeni, alisema Krispini. Waliokufa, walioumia sana, walioumia kidogo, wazima. Kwanza wa ndani ya ndege. Halafu kuna mstari wa raia waliokuwa ardhini.

— Ponsian yuko hapo.

Krispini aligeuza kikombe.

— Hapo pameandikwa hakuna.

Mashine ya winchi ilisikika ikilia mbali mgodini.

— Hakuna vipi, Mdomo? Mtu amelala zahanati!

— Wale wanaandika walichokikuta. Wamefika siku ya pili, wamekuta mti uliokatwa na chini yake pamefagiliwa kama ua wa kanisa. Hakuna damu, kamba wala shoka. Wakauliza kama kuna kipande cha ndege kilichoondolewa. Thadei alikuwepo. Alijibu hapana, nikatafsiri hapana.

— Na wewe ulijua kuhusu Ponsian.

— Mkalimani hana neno lake, Winchi. Nikiongeza langu leo, kesho watasema nimeongeza na jana.

— Nani alifagia? aliuliza Othmani.

Hakuwa mtu wa porini, hakujua. Wengine walijua, ndiyo maana walitazama chini. Warina asali wa upande ule hawaachi damu wazi chini ya mti wenye mizinga. Damu ikikaa wazi, nyuki wanahama, na pori lote la ukoo linabaki na mizinga mitupu. Kwa hiyo wenzake na aliyeumia hupafagia siku hiyohiyo, wakafukia kila kilichoguswa na damu, kisha hawapazungumzii.

Mwanamke alikuwa amesimama pembeni mwa ghala, kikapu mkononi. Emerensiana, mke wa Ponsian, alikuwa anatoka zahanati. Haikujulikana amefika saa ngapi.

— Hamjambo.

— Hatujambo, mama. Karibu. Mgonjwa anaendeleaje?

— Mguu umevimba mpaka pajani. Dresa wa zahanati anasema si kazi yake tena, ni kazi ya Tabora. Barabara imekatwa na mvua. Kwenye benchi la treni hawezi kukaa. Anasema hao wakubwa wana behewa lenye vitanda, na aliyeumizwa na ndege yao wanamchukua wenyewe, ilimradi ameandikwa.

Alihamishia kikapu mkono wa pili.

— Nimesikia mkisema ndege imepewa daraja la tano, alisema. Mume wangu amepewa la ngapi?

Bama alifunga kifungo cha koti lake. Gaspar alimtazama Othmani, Othmani akaitazama birika.

— Shemeji, alisema Thadei. Fagio nilishika mimi.

— Najua. Ndivyo inavyofanywa. Ulifukia wapi?

— Chini ya mti wenyewe. Shati lake, kamba iliyokatika, shoka. Na bati la bawa lililokuwa limenasa kwenye ile kamba. Limejaa damu, sikuliona kuwa ni la ndege. Niliona ni damu tu.

Krispini aliinua kichwa.

— Bati la bawa? Pamoja na kamba ya Ponsian?

— Limeshonana nayo.

— Kachimbue, alisema Emerensiana.

— Shemeji, nyuki watahama. Mizinga ile si yangu peke yangu. Ni ya baba zetu.

— Wahame.

Thadei alisimama, akaomba baiskeli. Othmani alikuwa ameshaiegemeza kwenye gogo, akiminya tairi kuona kama imejaa.

— Wahi, alisema Bama. Njia ya kupitia Shanwe ina matope, ibebe begani pale korongoni.

— Watakuuliza kwa nini ulifagia, alisema Krispini. Na kwa nini ulisema hakuna kipande kilichoondolewa. Watakasirika, Thadei. Ripoti ilikuwa imekwisha.

— Wakiuliza, nitajibu.

— Na wasipouliza?

— Wasipouliza nitasema, Krispini, nawe tafsiri hivyohivyo.

Lilikuwa neno refu kwa Kimya, na ilikuwa mara ya kwanza pale kijiweni mkalimani kuitwa kwa jina lake. Thadei alipanda baiskeli, akakunja kona ya ghala.

Krispini alibaki na kofia yake. Kazi yake boma ilikuwa nzuri. Alikuwa na watoto katika shule ya misheni. Hayo yote kijiwe kilikuwa kinajua, kwa hiyo hakuna aliyemsukuma. Othmani aliinamisha birika juu ya kikombe cha mkalimani. Yalitoka mashapo ya kahawa.

— Imekwisha, alisema Othmani.

Krispini alivaa kofia. Alivuka reli pamoja na Emerensiana, wakaelekea resthausi, yeye mbele, mama nyuma na kikapu chake. Walipofika kwenye nguzo ya ishara alisimama akamsubiri wawe sambamba.

— Mama, alisema, niambie jina la mumeo lote. Na la baba yake.