Shati Ambalo Hatukulifua

Mgeni rasmi wetu Kamishna wa Polisi, meneja wetu, na ninyi nyote mliosimama juani kwa kuwa viti vimewatosha wakubwa waliotoka mtaa wao wa mlimani tu: tunawasalimu.

KARIBU
Karibu kwenye jumba letu la kufulia. Ahsante kwa mashine mpya uliyokuja kuizindua. Harufu ya sabuni utuwie radhi, ndiyo yetu. Ya rangi ukutani imekuja jana kwa ajili yako.

TULIKOTOKA
Tuko watu thelathini na mmoja. Kwa miaka kumi na tisa tumefua sare za askari wako. Tunawajua kwa nguo zao: nani amenenepa, nani anajimwagia chai, nani amegombana na mkewe akashona kifungo mwenyewe. Wao hawatujui. Jioni wanatusimamisha kwa rangi ya ngozi yetu na kutupekua, wamevaa mashati tuliyoyapiga pasi asubuhi. Nguo za mlimani tunazifua kila siku; za watoto wetu husubiri Alhamisi, mabomba ya mtaani yakitoa maji.

MAFANIKIO
Hakuna sare iliyowahi kupotea mikononi mwetu, ila moja. Tutaieleza.

CHANGAMOTO
Mwezi wa tatu gari liliharibika, na mpiga pasi wetu, tuliyemwita Kola, akapeleka sare kituoni kwa miguu, na tikiti ya kupokelea nguo mfukoni. Mshona vifungo, ndiye huyu anayekusomea, alifuatana naye. Askari wawili wakawasimamisha.

"Umeziiba wapi hizi?"

"Ni zenu, afande. Tikiti hii hapa."

"Watu wa rangi yako hamkosi jibu."

Walimpiga Kola mpaka akanyamaza. Hakuamka tena.

Taarifa ilisema alianguka. Ndipo mji ukawaka siku tatu. Moto ule hatuusifu: duka la dawa lililoungua ndiko tulikokuwa tukinunulia dawa za watoto. Lakini ukiuliza nani aliwasha kiberiti, uliza pia nani alikusanya kuni.

Wiki iliyofuata furushi la kituo lilikuja kama kawaida. Shati moja lilikuwa na damu mikononi. Namba tuliyoiandika wenyewe ndani ya ukosi ni ya askari aliyeapa kwamba hakumgusa Kola. Damu hutoka kwa maji baridi, kila dobi anajua. Sisi hatukulitia maji. Meneja alipoulizia tulimwambia limepotea. Bosi, tusamehe, tulikudanganya. Sasa tunaambiwa jalada limefungwa kwa kukosa ushahidi.

MAOMBI
Tulishauriwa tuombe feni na viti. Joto tumelizoea, na kusimama tunajua. Tunaomba moja tu: jalada lifunguliwe.

Mgeni rasmi haondoki mikono mitupu. Mama aliyeshika kifurushi mbele yako ni mjane wa Kola. Shati limo, kama lilivyokuja. Picha zake tumeshapiga; usitufikirie vibaya, ni mazoea ya kazi. Tena hapa kwetu nguo haitoki bila sahihi ya anayeipokea kwenye tikiti yake. Tunaomba utie yako mbele ya watu hawa wote.

Mungu amrehemu mwenzetu, awape subira wanawe, na autie nguvu mkono wako wa kuandikia.

Ni sisi, wafuaji, wapiga pasi na washona vifungo wa jumba hili la kufulia.

Afande, tikiti hii hapa.