Dumo na Kura za Dubai

Mbele ya duka la vipuri vya baiskeli pale Koboko kuna benchi lililopinda katikati kwa uzito wa maneno. Hapo Tahiru anauza kahawa ya tangawizi, na hapo Dumo ameweka makao makuu ya kampeni. Kesho kijiji kinachagua mwenyekiti kwa mstari: unamtaka mtu, unasimama nyuma yake, mnahesabiwa. Dumo anautaka uenyekiti mpaka usingizi umemruka, maana bomba la maji limekufa miezi miwili na mwenyekiti Aliga kila siku anasema fundi yuko njiani. Lakini leo roho yake kwatu.

— Watu mia tatu na kumi na mbili kwa group ya WhatsApp! alitangaza Shafiki, meneja wa kampeni, aitwaye Netiweki. Aliga hana hata simu ya kugusa. Huyu tumemaliza.

— Mpaka mutu ya Juba ameweka dole ya kukubali, alisema Lemi, wanayemwita Meja kwa kuwa baba yake alikuwa jeshini.

— Juba nini? Iko moja Dubai!

— Na hao ya mbali?

— Tunapanga simu chini, moja moja, nyuma ya Dumo. Kila mutu iko ndani kwa video.

— Chini hapana! Kuku itakanyaga kura. Weka kwa viti.

— Viti mia tatu?

— Tunaomba kanisa. Ikipungua, msikiti.

Dumo alicheka, akaagiza kahawa nyingine.

Mama mmoja, Zam, alikuwa ametua ndoo ya maji apumzike. Katoka nayo mtoni.

— Wanangu, hao mia tatu, ngapi wanalala hapa kijijini?

Netiweki alipitisha kidole kwenye simu: Juba, Kampala, Arua, Arua tena.

— Wewe mwenyewe, Netiweki, kesho si utasimama nyuma yangu? aliuliza Dumo.

— Mwenyekiti... mimi naandikwa kura kule Ludara, si hapa.

Meja alichungulia kikombe chake.

— Na mimi Arua.

Dumo akajiona alivyo, mgombea wa Dubai, akaangua kicheko mpaka kahawa ikammwagikia. Akainua ile ndoo, akajitwika.

— Mama, kwenu ni wapi?

— Nyuma ya msikiti. Tuko wakubwa saba, na hakuna mutu amekuja kutuuliza habari ya maji.

Dumo akatangulia, maji yakimchuruzika shingoni. Hawajafika msikitini, wanawake sita wenye ndoo walishaungana nyuma yake, wanamcheka kwa sauti.

— We Dumo! mmoja akaita. Hiyo mstari ya kesho inaanza saa ngapi?